Kutoka Kokeini hadi Sindano ya Mgongoni

Wanawake wengi wanaojifungua kwa upasuaji katika hospitali za Kampala hudungwa sindano ya ganzi mgongoni, wakabaki macho huku nusu ya chini ya mwili ikiwa haina hisia. Dawa itumiwayo mara nyingi ni bupivakaini, ambayo asili yake ya mbali ni kokeini, ileile inayofahamika zaidi leo kwa kesi za walanguzi wanaonaswa Entebbe.

Mwaka 1884 ulitoa taarifa mbili zinazostahili kusomwa pamoja. Robert Felkin, tabibu mmisionari aliyefika kwa Kabaka Mutesa I mwaka 1879, alieleza katika jarida la Edinburgh upasuaji wa uzazi alioushuhudia Kahura, Bunyoro, ambapo mama alileweshwa kwa pombe ya ndizi, na pombe hiyohiyo ikaosha mikono ya mpasuaji. Wasomaji wake hawakuwa na sababu kubwa ya kujivuna, kwani Ulaya, licha ya kuwa na klorofomu, upasuaji huo uliwaua akina mama wengi. Septemba mwaka huohuo, huko Heidelberg, ilisomwa taarifa ya Carl Koller, daktari kijana wa Vienna, kwamba matone ya kokeini, kemikali ya majani ya koka, huzima maumivu ya jicho bila kumlaza mgonjwa usingizi.

Neva hupeleka habari ya maumivu kwa kufungua vinjia vidogo vinavyoingiza sodiamu yenye chaji ya umeme. Kokeini hupenya utando wa neva, ikaviziba vinjia hivyo kwa ndani, na habari haifiki ubongoni. Zaidi ya hapo, huzuia noradrenalini, kemikali inayobana mishipa ya damu, isirudishwe ndani ya neva iliyoitoa, jambo lililowafaa wapasuaji wa pua kwa kupunguza damu, ilhali kwa njia hiyohiyo husumbua moyo na, kwa kurundika dopamini ubongoni, huleta uraibu, kama ulivyomnasa mpasuaji William Halsted wa New York, aliyejijaribia mwenyewe sindano zake za kokeini.

Mpasuaji Mjerumani August Bier alipoidunga kokeini kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo, huko Kiel, mwaka 1898, wagonjwa hawakuhisi kisu, ila wengi walitapika na kuumwa kichwa. Wakemia wakatafuta ganzi isiyo na uraibu: prokaini ya Alfred Einhorn mwanzoni mwa karne ya 20, lignokaini ya Nils Löfgren mwaka 1943, kisha bupivakaini mwaka 1957. Urithi haukukatika wote, kwa kuwa bupivakaini ikiingia kwa wingi kwenye damu huziba vinjia vya sodiamu vya moyo pia, hata ukaweza kusimama. Mgongoni, hata hivyo, hutosha miligramu 10 hivi, kiasi kisichoweza kuufikisha moyo hapo.