Mkojo Wenye Damu

Tuseme mtoto wako ametoka kukojoa. Anakuita, anakuambia, "Mama, mkojo wangu una damu." Unakwenda kutazama. Kweli, matone ya mwisho ni mekundu. Utafanya nini?

Wako watu ambao hucheka. Husema kwamba kijana anakua, damu hiyo itakwisha yenyewe. Wengine hunyamaza kwa aibu. Mgonjwa akiwa msichana mambo huwa mabaya zaidi. Majirani huanza kunong'ona kwamba ana kisonono. Baba humuuliza kwa ukali alikuwa na nani. Kumbe mtoto hakuwa na mtu. Alikuwa mtoni, akifua nguo za nyumbani.

Basi kabla ya kumhukumu mtu, tuujue ugonjwa wenyewe. Jina lake ni kichocho.

Kichocho huletwa na minyoo midogo, yenye urefu wa sentimita 1 au zaidi kidogo. Minyoo hii haikai tumboni kama minyoo mingine uijuayo. Hukaa ndani ya mishipa ya damu, karibu na kibofu cha mkojo. Dume na jike hukaa pamoja. Jike hutaga mayai kila siku, na kila yai lina mwiba. Yai hupenya katika ukuta wa kibofu na kuuchubua. Ndiyo sababu ya damu, na ndiyo sababu ya maumivu wakati wa kukojoa.

Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, ndiye aliyeiona minyoo hii kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mwaka 1851, katika mji wa Kairo, nchini Misri. Lakini ugonjwa ni wa zamani sana kuliko yeye. Mwaka 1910 mayai ya kichocho yalionekana katika figo za maiti za Misri zilizohifadhiwa kwa miaka 3,000 hivi. Kwa hiyo usidhani kwamba ni ugonjwa wa watu wachafu wa leo.

Sasa minyoo huingiaje mwilini? Hapa ndipo pa kusoma polepole.

Mgonjwa hukojoa mtoni au bwawani. Mayai yaliyo katika mkojo huanguliwa majini, na vijidudu hutoka. Vijidudu hivyo humtafuta konokono mdogo wa maji baridi, na kuingia ndani yake. Humo huzaana kwa muda wa wiki kadhaa. Kisha konokono huanza kutoa vijidudu vingine vyenye mkia, mamia kwa mamia kila siku, hasa jua linapokuwa kali mchana. Wewe ukiingia majini kuoga, kufua, kuvua samaki au kumwagilia mchicha, vijidudu hivyo hupenya katika ngozi yako. Huhitaji kuwa na kidonda. Huhitaji kuyanywa maji hayo. Kutia mguu tu kunatosha, kwa dakika chache. Baadaye hukua na kuwa minyoo, na huweza kuishi mwilini miaka 3 mpaka 5, hata zaidi.

Angalia vizuri. Bila mkojo wa mtu majini, konokono hana ugonjwa wa kukupa. Sisi wenyewe ndio tunaompa.

Watu wengi hudhani kichocho ni cha mashambani, kwenye majaruba ya mpunga. Katika miaka ya 1980 wachunguzi walipima mkojo wa watoto wa shule Dar es Salaam. Waliona kwamba watoto waliambukizwa humu humu mjini. Mji una mito, madimbwi na visima vya bustani za mboga kama nchi nyingine yoyote.

Mtu wa Mikocheni atasema, "Sisi tuko karibu na bahari." Ni kweli, na bahari haina neno. Konokono hawa hawaishi katika maji ya chumvi. Mtoto anayeogelea baharini hatapata kichocho huko. Lakini watoto huvutwa na maji ya aina yoyote, na mto Mlalakuwa unapita hapo hapo kwenda baharini. Tena watu wa Mikocheni husafiri. Mtoto aliyekwenda likizo kwa bibi yake, Shinyanga au Tanga, anaweza kurudi na minyoo. Damu huonekana baada ya miezi, na hapo kila mtu amekwisha sahau ile safari. Kwa hiyo ukifika zahanati, mweleze mganga umeoga wapi na umelima wapi.

Mkojo wa kupimwa utolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Wakati huo mayai huwa mengi. Mpimaji huyatafuta kwa darubini. Dawa yake ni vidonge vya prazikwanteli, na idadi yake hufuata uzito au urefu wa mgonjwa. Ni vichungu. Kula kwanza, tumbo lisikusumbue. Watoto wa shule wamekuwa wakipewa dawa hii shuleni kwa kampeni. Mama anayefua mtoni na mzee wa bustani husahauliwa, nao wana minyoo ile ile.

Asiyetibiwa huumia polepole. Kibofu hukakamaa, figo huharibika, na baada ya miaka mingi huweza kutokea saratani ya kibofu. Kwa wanawake mayai huingia pia katika njia ya uzazi. Huleta vidonda, damu baada ya kujamiiana, pengine na ugumba. Ni wanawake wangapi wamelaumiwa na waume zao kwa jambo walilolipata mtoni?

Hata hivyo si kila damu ni kichocho. Kuna mawe ya figo. Kuna saratani, hasa kwa wazee, hata bila maumivu yoyote. Tena kuna vijidudu vingine vya njia ya mkojo, ambavyo huwasumbua zaidi wanawake kwa sababu njia yao ni fupi. Dalili zake ni mkojo wa kuunguza, na haja ya kukojoa kila mara. Ukiwa na homa na maumivu ya kiunoni, usingoje kesho. Mja mzito asingoje hata kidogo.

Kosa kubwa hapa ni kununua dawa dukani, kumeza siku 2, kuona nafuu, na kuweka zilizobaki kabatini. Ugonjwa hurudi. Unanunua tena, unarudi tena. Maliza dawa zote ulizoandikiwa. Na kama umezimaliza lakini ugonjwa ukarudi mara ya pili au ya tatu, omba mkojo upimwe na kichocho pia. Kibofu kilichochubuliwa na mayai hushikwa kwa urahisi na vijidudu vingine.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 kusikiliza redio katika vikundi, na kichocho kilikuwa somo mojawapo. Vyoo vingi vilichimbwa. Lakini choo kilicho nyumbani hakimsaidii mtu aliye bustanini tangu alfajiri. Wenye bustani kando ya mto wachimbe choo huko huko. Na maji ya mto ya kuogea yatekwe, yachujwe kwa kitambaa kuondoa konokono, yakae siku 2 katika chombo kilichofunikwa. Vijidudu vyenye mkia vitakuwa vimekufa.