Hotuba ya Rais Bungeni: Daftari la Taifa na Daftari la Nyumbani



Wasomaji wetu wapenzi, akina mama wa Ukunda, Diani, Msambweni na vijiji vyote vya Kwale waijua vyema desturi ya chama. Mwaka ukifika ukingoni, mweka hazina hufungua daftari mbele ya wenzake, akasoma kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Anayeuliza kuhusu shilingi asiyoiona haitwi mkorofi, kwani mali ni ya wote na mweka hazina ni mwaminiwa tu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hotuba anayoitoa Rais wa Jamhuri Bungeni kila mwaka ni daftari la namna hiyo. Tofauti ni kwamba hufunguliwa kwa fahari kubwa, na aghalabu familia zetu huitazama fahari zikaiacha hesabu. Wiki hii twapenda kueleza hotuba hiyo ina kazi gani, mbona ina shamrashamra zile, na yatupasa tuisikilize vipi sisi tulio mbali na Nairobi.

Tuanze na sheria yenyewe. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 haikumwachia Rais hiari katika jambo hili. Kifungu cha 132 chamtaka ahutubie kikao cha kwanza cha kila Bunge jipya, kisha ahutubie kikao maalumu cha Bunge mara moja kila mwaka. Chamtaka pia, kila mwaka, alieleze taifa hatua zilizochukuliwa na maendeleo yaliyopatikana katika kuzitimiza tunu za taifa, na achapishe maelezo hayo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Juu ya hayo, awasilishe Bunge la Kitaifa ripoti ijadiliwe, kuhusu majukumu ya nchi katika mikataba ya kimataifa. Nalo Baraza la Usalama wa Taifa lapaswa kulipa Bunge taarifa ya mwaka kuhusu hali ya usalama.

Na tunu hizo ni zipi? Zimetajwa katika Kifungu cha 10: umoja wa taifa, ugatuzi, utawala wa sheria, ushirikishwaji wa wananchi, utu, usawa, haki, kutobaguana, kuwalinda waliotengwa, uadilifu, uwazi na uwajibikaji. Kwa hiyo, asimamapo Rais mbele ya Bunge, swali analolijibu si barabara ngapi zimejengwa tu. Ni pia kama yupo raia aliyebaguliwa, aliyesahauliwa au aliyenyimwa haki yake.

Sasa tuitazame sherehe. Siku ya hotuba, Rais hufika katika Majengo ya Bunge, akapokewa na maspika wa mabunge mawili. Wimbo wa taifa hupigwa, naye hukagua gwaride la heshima. Kisha huandamana na maspika hadi ukumbi wa Bunge la Kitaifa, ambako wabunge 349 na maseneta 67 hukaa pamoja. Majaji, mabalozi na wageni wengine huwa wamealikwa.

Mbele ya msafara hubebwa siwa, na neno hili ni letu, watu wa pwani. Kabla ya kuwako Bunge lolote katika nchi hii, siwa lilikuwa pembe kubwa iliyopulizwa katika shughuli za watawala na waungwana. Siwa la Pate lilichongwa kwa pembe ya ndovu, na la Lamu likafuliwa kwa shaba. Siwa la Bunge halipulizwi. Ni rungu la heshima, lililorithiwa katika desturi za Bunge la Uingereza, na laashiria mamlaka ya Bunge lenyewe. Maana yake ni nzito: Rais, pamoja na majeshi anayoyaamuru, aingia katika nyumba yenye mamlaka yake. Aja kwa mwaliko, apokewa na wenyewe, na azungumza na wale waliotumwa na wananchi.

Kanuni za Kudumu za Bunge zataka hotuba isikilizwe kwa kimya, bila maswali wala maoni papo hapo. Tarehe 31 Machi 2016 baadhi ya wabunge wa upinzani walipuliza filimbi ukumbini, hotuba ikacheleweshwa, na baadhi yao wakatolewa nje. Hata hivyo, kimya hicho si mwisho wa mazungumzo. Baadaye huletwa hoja ya kumshukuru Rais, na katika mjadala wake kila mbunge anaweza kusema yaliyo kweli, yaliyopambwa na yaliyoachwa. Sherehe ni ya siku moja; kazi hasa iko katika siku zifuatazo, wakati kamera nyingi zimekwisha kuondoka.

Je, hotuba hii huleta mabadiliko, au ni maneno ya kupita? Tutoe mifano miwili. Tarehe 21 Novemba 2024, Rais William Ruto alitangaza Bungeni kwamba ameamuru kufutwa kwa mipango na kampuni ya Adani kuhusu uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na njia za kusafirishia umeme. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mambo yaliyokuwa yakilalamikiwa kwa miezi yaligeuka katika hotuba moja.

Mfano wa pili ni wa tarehe 26 Machi 2015. Siku hiyo Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za kihistoria, na akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waathiriwa. Sisi wa pwani tulikuwa na sababu ya kutega sikio, kwa maana Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013, iliieleza dhuluma ya ardhi ya pwani miongoni mwa nyinginezo.  Lakini miaka ikapita, na waathiriwa wakaendelea kuuliza mfuko ule u wapi. Ahadi ni deni, na deni lisiloandikwa husahauliwa kwanza na mwenye kudaiwa.

Hapa kwetu Kwale tuna ushahidi mwingine, ulio karibu na nyumba zetu. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wajukuu na vitukuu walizaliwa hapa, wakasoma hapa na kuzika wazee wao hapa, bila kuhesabiwa kuwa raia. Mtu asiye na kitambulisho hasajili laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti ya benki na hapigi kura. Mama wa namna hiyo hutaabika hata kumtafutia mwanawe cheti cha kuzaliwa. Katiba iliyotaja kutobaguana ilikuwa na umri wa miaka 6, na hotuba za kila mwaka zilikuwa zikisomwa, pale Wamakonde walipotoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi, Oktoba 2016, kumwona Rais. Ndipo Rais Kenyatta alipoagiza wapewe vitambulisho, vikaanza kutolewa Desemba mwaka huo, nao wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Ndugu zetu Wapemba, wavuvi wa miaka mingi katika mwambao huu, walingoja hadi Januari 2023.

Twayasema haya si kwa kumlaumu kiongozi mmoja. Twataka ionekane kwamba hotuba yaweza kusomwa vizuri, kwa takwimu zote, na bado ikawako jamii nzima isiyomo ndani yake. Msikilizaji mwema husikiliza yaliyosemwa, kisha hujiuliza ni nani hakutajwa.

Dini yetu yatufunza kwamba uongozi ni amana, na kwamba kila mchungaji ataulizwa juu ya alichopewa kukichunga. Sayyidna Abu Bakr, Mwenyezi Mungu amridhie, alipokwisha kupewa bai'a aliwaambia watu wamsaidie akitenda mema na wamnyooshe akipotoka. Hivyo, kuuliza hesabu kwa adabu si utovu wa heshima. Ni kumsaidia aliyebeba mzigo.

Basi tufanyeje majumbani? Kwanza, tusikilize pamoja. Hotuba husomwa zaidi kwa Kiingereza, japokuwa Kiswahili ni lugha ya taifa na ni miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Kijana aliyesoma na akae karibu na bibi yake amfasirie, naye bibi amweleze yaliyopata kuahidiwa zamani. Kila mmoja atatoka na elimu ambayo hakuwa nayo.

Pili, tuwe na daftari. Kurasa chache zatosha: tarehe, ahadi, na mahali ilipotajwa. Wa Kinango aandike kila linalosemwa kuhusu Bwawa la Mwache. Wa Shimoni aandike kuhusu bandari ya uvuvi. Wa Msambweni aandike kuhusu mrabaha wa madini, kwani Sheria ya Madini ya 2016 imezitengea jamii za machimbo asilimia 10 na kaunti asilimia 20, na uchimbaji wa titani wa Base Titanium ulikoma mwishoni mwa 2024. Mwaka ujao lifunguliwe daftari lile lile kabla ya hotuba kuanza.

Tatu, tuwaulize tuliowatuma. Kwale ina wabunge wanne, wa Msambweni, Lunga Lunga, Matuga na Kinango, pamoja na Mwakilishi wa Wanawake na Seneta. Hao sita walikuwamo ukumbini kwa niaba yetu. Walisema nini katika mjadala? Maneno yao yamo katika Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge. Na Kifungu cha 119 kimempa kila mtu haki ya kupeleka ombi lake Bungeni.

Nne, tusiisahau hotuba iliyo karibu zaidi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yamtaka kila gavana naye aihutubie kaunti yake kila mwaka. Gavana wetu, Bi Fatuma Achani, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kushika wadhifa huo Kwale, hutoa hesabu ya zahanati, maji, chekechea na misaada ya karo. Hayo twayagusa kwa mikono yetu kila siku, na hapana awezaye kutudanganya kuhusu bomba la maji lililo mlangoni petu.

Msafara utapita, gwaride litatawanyika na siwa litarudishwa mahali pake. Kitakachobaki ni maneno yaliyosemwa, na watu walioyaandika.