Kabla hujauza udi, mfundishe mteja kuuchoma

Mteja akikuandikia "dada, udi wako unanuka moshi tu", usibishane wala usikimbilie kurudisha hela. Muulize kwanza: mkaa ulikuwaje? Malalamiko mengi ninayopata yanaishia hapo hapo kwenye mkaa.

Udi wa vipande, ule unaopendwa Oman na Ghuba nzima, ni mti ulioshika utomvu. Haumei Uarabuni, unatoka India, Kambodia, Vietnam, Indonesia huko. Mti ukijeruhiwa ukaingiwa na kuvu, unatoa utomvu mweusi wa kujikinga. Harufu yote imo humo. Utomvu unataka joto la taratibu. Ukiubamiza na moto mkali unaungua, unabaki na harufu ya kuni. Kuni za bei mbaya sasa!

Kwa hiyo mtumie maelezo, au video fupi. Washa mkaa, subiri kama dakika 10 hadi jivu lifunike pande zote. Mkaa wa duara una dawa ya kuwashia, ukiwahi kuweka udi utanusa dawa. Jivu usilipulize, ndilo linalopunguza ukali. Kipande cha ukubwa wa ukucha kinatosha. Utomvu ukianza kutoa povu na moshi mwembamba, hapo ndipo. Ukisikia harufu ya kuungua, kitoe. Dirisha liachwe wazi, hewa ya mkaa inaua, na chetezo kisikae kwenye kapeti. Mwenye chetezo cha umeme aanze na moto mdogo.

Kule Ghuba chetezo hupitishwa kwa wageni mwisho wa ziara, wanafukiza ndevu, ushungi, nguo. Kikishapita, watu wanajua ni kuaga. Andika hivyo chini ya picha yako, inavutia kuliko "udi orijino bei poa".

Halafu taja wazi unachouza. Udi mtupu haujatiwa kitu. Bakhuri ni vipande au unga uliolowekwa mafuta na manukato. Zote biashara halali, ila bei hazifanani, na mteja akigundua umemchanganyia harudi. Weusi usikudanganye, vingine vimepakwa rangi. Kabla ya kununua jumla omba kipande ukichome mwenyewe. Na ukiagiza mzigo toka nje, ulizia kibali: miti yote ya jamii ya Aquilaria, inayotoa udi huu, iko kwenye orodha ya CITES tangu 2005.

Mteja mpya mpimie gramu 2 au 3 tu, umwekee na vidonge viwili vya mkaa.