Vidukari Wakivamia Waridi, Usikimbilie Sumu

WAKAAZI wa Athi River wanaopenda maua ni watu wa subira. Udongo wao ni ule mweusi, unaonata miguuni mvua inyeshapo na kupasuka nyufa jua liwakapo. Vumbi la viwanda vya saruji na la malori ya Barabara ya Mombasa hutua juu ya majani, na maji ya visima vingi yana chumvi. Hata hivyo, pita katika mitaa ya mji huo utaona mawaridi kando ya milango, mengine yamepandwa ndani ya mikebe ya rangi na mitungi iliyokatwa shingo.

Kwa hivyo si ajabu mwenye maua kushikwa na hasira anapoamka asubuhi moja, majuma mawili matatu baada ya mvua za Novemba kuanza, na kukuta kila chipukizi limefunikwa na wadudu laini wa kijani wasiozidi punje ya wimbi. Hao ndio vidukari. Huchoma shina changa kwa mdomo mfano wa sindano, wakafyonza utomvu mpaka jani likajikunja na tumba likafunguka limepinda.

Mama mmoja mkaazi wa huko alipopatwa na mkosi huo, jirani alimletea dawa kutoka kazini, ndani ya chupa ya soda, bila jina wala maelezo. Aliambiwa atie kifuniko kimoja kwa ndoo ya maji, au viwili wadudu wakiwa wengi. Akaiweka dirishani akisubiri jua lipungue. Aliporudi alimkuta mwanawe wa miaka minne ameishika chupa ile, anahangaika kuifungua. Kwa bahati njema kifuniko kilikuwa kimekazwa sana. Dawa ilirudi ilikotoka siku hiyo hiyo, na swali likabaki: maua je?

Mjue mdudu kwanza

Kidukari ana siri moja iliyowashangaza wataalamu zamani. Mwaka 1740, kijana wa miaka 20 mjini Geneva, Charles Bonnet, alimtenga kidukari mmoja tangu alipozaliwa, akamfunika peke yake kwa kioo na kumchunguza kila siku. Mdudu huyo, ambaye hakuwahi kukutana na dume, alizaa watoto 95. Jike huzaa wana walio hai, nao huzaliwa tayari wameanza kubeba wao wenyewe tumboni. Katika joto kama la Athi River mtoto huweza kuwa mama baada ya siku saba hadi kumi hivi. Ndiyo maana mwenye waridi huapa kwamba jana hawakuwapo. Wakisongamana sana, huzaliwa wengine wenye mabawa, wakahamia kwa jirani.

Kama uzazi huo haungekuwa na wa kuuzuia, tusingekuwa na jani lililosimama. Wazuiaji wapo. Yupo yule mdudu wa mviringo mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi, ambaye watoto hupenda kumtembeza kiganjani. Watoto wake ndio walafi zaidi, lakini hawafanani naye hata kidogo: ni warefu, weusi au wa kijivu, wenye madoa ya rangi ya chungwa, mfano wa mamba mdogo. Wengi wetu huwaponda tukidhani ndio wanaoharibu maua, kumbe mmoja humaliza mamia ya vidukari kabla ya kukomaa. Kuna pia nyigu wadogo mno ambao hutaga yai ndani ya kidukari. Ukiona kidukari amevimba, amegeuka rangi ya shaba na hasogei, mwache hapo alipo. Ndani yake kuna nyigu anayekua.

Waliokuwa watu wazima miaka ya tisini watakumbuka nyua za saipresi zilivyogeuka kahawia huku na huko nchini. Aliyefanya hivyo alikuwa kidukari mgeni aliyeonekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990. Misitu haikuweza kunyunyiziwa dawa yote. Wataalamu walimtoa nyigu mdogo Ulaya, akaachiliwa Malawi mwaka 1994 na baadaye hapa Kenya. Kidukari huyo hakutoweka, ila makali yake yalipungua.

Ubaya wa sumu kali uko hapo. Huua adui na mlinzi pamoja, lakini walinzi huzaana polepole. Vidukari wachache waliosalia chini ya jani hujaza shina tena kabla walinzi hawajarudi.

Maji, vidole na sabuni

Anza na maji matupu. Shika chipukizi kwa mkono mmoja ili lisivunjike, kisha lirushie maji kwa nguvu, hasa upande wa chini wa majani. Kidukari aliyeanguka ni vigumu kupanda tena. Fanya hivyo asubuhi, siku mbili tatu mfululizo. Wachache waliobaki waponde kwa vidole; si kazi ya kupendeza, lakini haina gharama. Maji hayo pia huondoa vumbi, ambalo huwasumbua wale wadudu walinzi.

Ikishindikana, tumia sabuni. Vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji isiyo kali vyatosha lita moja. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia, huunguza majani. Sabuni humuua kidukari inapomlowesha tu. Ikishakauka haina kazi, kwa hivyo nyunyizia wadudu wenyewe, asubuhi mapema au jioni, na urudie baada ya siku tano hadi saba. Jaribu kwanza kwenye majani machache, ungoje siku moja uone kama yatabadilika rangi.

Hapa ndipo watu wa Athi River hukwama, wakasema sabuni ni porojo. Maji mengi ya visima vyao ni magumu. Madini yaliyomo hushikana na sabuni na kuifanya utando mweupe, basi nguvu yake ikaishia ndani ya chupa. Kipimo ni rahisi: tia maji na sabuni kidogo ndani ya chupa ya kioo, utikise. Povu likikataa na maji yakawa kama maziwa yaliyokatika, tafuta maji mengine. Ya mvua ndiyo bora, lakini acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la paa kabla ya kukinga.

Tazama pia sisimizi wanaopanda na kushuka shinani. Hufuata majimaji matamu yanayotoka kwa vidukari, na kwa ajili ya utamu huo huwafukuza walinzi. Funga ukanda wa karatasi ngumu kwenye shina na uupake grisi juu yake, si kwenye gome lenyewe.

Mwenye mwarobaini karibu, na Ukambani ni mwingi, aweza kutwanga gramu 50 za kiini cha mbegu, akaziloweka usiku kucha katika lita moja ya maji, akachuja na kunyunyizia jioni. Hauui papo hapo, huwazuia kukua. Pareto, ambayo Kenya iliwahi kuongoza duniani kwa kuikuza, huua haraka, lakini huua nyuki na walinzi pia, basi iwe ya mwisho, na jioni tu. Maji ya tumbaku ambayo wazee waliyasifu yaache kabisa. Ni ya asili, ndiyo, lakini nikotini hupenya ngozi na ni sumu kwa mtoto kama ile ya chupa ya soda. Na punguza mbolea ya chumvichumvi: machipukizi manene laini ndiyo karamu ya vidukari.

Yule mama sasa hukinga maji ya paa katika mtungi wa lita 20 ulioandikwa MAUA kwa rangi nyekundu. Mwanawe hupewa kazi ya kuhesabu wadudu wenye madoa kila jioni. Mara ya mwisho alifika sita, kisha akaanza kuhesabu sisimizi.