Mtoto Anapochagua Kamera

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka na vijana wakaanza kuchagua vyuo, hutujia wazazi baada ya sala ya Isha na suala ambalo zamani halikuwapo. Kijana amepata C+ au zaidi, alama za kumwingiza chuo kikuu, naye ameuacha ualimu, ameuacha uhasibu, anataka kusoma mawasiliano, utangazaji na filamu. Babake hunong'ona kana kwamba anataja maradhi: "Sheikh, hii nayo ni elimu?"

Ni elimu, tena ya miaka minne. Wengi wetu hudhani kuwa mwanafunzi huyo hukabidhiwa kamera siku ya kwanza akaenda kupiga picha za harusi. Sivyo. Mwanzo wake ni vitabu: historia ya magazeti na redio, namna watu wanavyozipokea habari, sheria ya kashfa, maadili ya kazi. Kisha huja kazi ya mikono: kuandika muswada wa filamu, kupanga taa, kunasa sauti, na kukaa saa nyingi mbele ya kompyuta akikata na kuunga picha. Aghalabu hupelekwa redioni au gazetini kwa mazoezi, na mwishoni hutoa kazi yake mwenyewe ikapimwa na walimu.

Wala fani hii si ngeni kwetu Mombasa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa gazeti la As-Sahifa mwaka 1930, na la Al-Islah mwaka 1932. Aliona kuwa mimbari peke yake haifiki kila nyumba. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliitumia televisheni: mwaka 1986 aliongoza mfululizo wa vipindi tisa juu ya Afrika na urithi wake wa aina tatu, Uislamu ukiwa mmojawapo, ukaonyeshwa Uingereza na Marekani. Baba kwa karatasi, mwana kwa picha.

Tena liko jambo moja ambalo kijana aliyepita madrasa hulitambua upesi akifika huko. Walimu wa uandishi wa habari humfundisha kuuliza: nani amesema, alikuwapo au ameambiwa, je, ni mkweli, yuko mwingine anayemuunga mkono? Sisi tumeyasoma haya katika ilimu ya Hadithi kwa jina la isnadi. Wanavyuoni wetu walichunguza maisha ya maelfu ya wapokezi, wakamwacha mtu mcha Mungu kwa sababu tu hifadhi yake ilikuwa dhaifu. Na aya ya sita ya Suratul Hujurat imetuamrisha kuichunguza habari ya fasiki kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Leo mzee wa heshima hupokea ujumbe kwenye simu asubuhi, na kabla ya Dhuhuri ameshawatumia watu mia. Huyo ndiye anayemuuliza mwanawe kama utangazaji ni elimu!

Ama suala la picha, khitilafu ipo na hatuifichi. Wako wanavyuoni waliokataza picha za kamera. Lakini Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyepata kuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala ya kuihalalisha, akiona kuwa kamera hukifungia kivuli cha kiumbe cha Mwenyezi Mungu, wala haiumbi kitu. Sisi tunaelemea kauli hiyo. Kinachobaki ni kinachopigwa picha, na hapo haramu ni haramu, iwe kwa kamera au kwa kalamu.

Mwaka huu limetufikia suala la binti aliyeitwa chuoni, babake akakataa kulipa karo. Hofu yake si ya kipuuzi: kazi za filamu huenda hadi usiku, hupigwa mchanganyiko wa wake kwa waume, na huenda binti akatakiwa kuigiza lisilomfaa. Tulimwambia aende chuoni mwenyewe akaulize: je, mwanafunzi hulazimishwa kuigiza, au aweza kuchagua uandishi, sauti au uhariri? Chumba cha kuhariria hufungwa saa ngapi? Kamera zipo ngapi, na wanafunzi wangapi? Baadaye alikiri kuwa hajawahi kumuuliza bintiye anataka kutengeneza filamu ya nini. Alipomuuliza, akaambiwa: ya nyanya yake, mshoni wa kofia.

Moustapha Akkad alitoka Halab, Syria, kwenda kusomea mambo haya Los Angeles. Husimuliwa kuwa babake alimuaga na dola 200 na Msahafu. Mwaka 1976 akatoa filamu ya Ar-Risala, mara mbili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, waigizaji mbalimbali, na katika zote Mtume (s.a.w.) haonekani wala sauti yake haisikiki. Walioipinga walikuwapo, hata hivyo vijana wetu wengi waliwajua Hamza na Bilal kwanza kwa filamu hiyo.

Wazazi waulizie pia bei ya vifaa, maana karo si gharama yote. Na kijana ajue mapema kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kutengeneza filamu ya kuonyeshwa hadharani bila leseni, wala kuionyesha kabla haijakaguliwa na kupewa daraja ya umri wa watazamaji.