Tezi ya Pituitari na Mimba ya Samaki: Suala la Istilahi

Samaki walio wengi hutaga mayai, wachache huzaa. Miongoni mwa hao wachache ni moli, Poecilia latipinna, wa mwambao wa kusini-mashariki ya Marekani na Ghuba ya Meksiko. Jike huchukua mimba kwa muda wa wiki nne hivi, kisha huzaa vitoto viwezavyo kuogelea papo hapo. Mfasiri aandikapo habari zake kwa Kiswahili hupata maneno tayari: mimba, kuzaa, mji wa mimba. Mawili ya kwanza yanafaa. La tatu ni kosa, kwani moli hana mji wa mimba. Viinitete hukulia ndani ya ovari yenyewe, kila kimoja katika kifuko chake.

Hatari kubwa zaidi imo katika maelezo ya tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo. Asomaye neno mimba hutarajia kwamba tezi hiyo ndiyo huilinda, kama ilivyo kwa panya katika nusu ya kwanza ya ujauzito. Kwa moli sivyo. Seli zitoazo homoni za kuchochea ovari huchangamka hasa wakati mayai yanapojazwa kiini, yaani kabla ya kurutubishwa. Mimba ikisha kuingia hupoa, na baada ya kuzaa huamka tena. Katika majaribio ya miaka ya 1960, majike wenye mimba walioondolewa tezi hiyo waliweza kuzaa. Kilichokoma ni kujazwa kiini kwa mayai mapya.

Prolaktini nayo ina mtego wake. Ilitambuliwa mwaka 1928 katika majaribio ya sungura, ikapewa jina lenye maana ya maziwa. Samaki hana maziwa. Mwaka 1959 Grace Pickford na John Phillips walionyesha kwamba samaki Fundulus heteroclitus aliyeondolewa pituitari hufa katika maji baridi, lakini akidungwa prolaktini huishi, kwa kuwa homoni hiyo huzuia chumvi ya mwili isipotee. Kwa hiyo seli za prolaktini zikionekana zimekua katika jike mwenye mimba, la kuuliza kwanza ni kama alifugwa katika maji baridi au ya bahari.

Tafsiri "homoni ya maziwa" ingefaa kitabu cha wakunga. Katika elimu ya samaki ingepotosha. Afadhali neno la mkopo, ambalo halimwahidi msomaji lolote. Pituitari lenyewe limetokana na neno la Kilatini la kamasi, kwa sababu matabibu wa kale walidhani tezi hiyo huteremsha kamasi kutoka ubongoni hadi puani, na hakuna msomaji wa Kiswahili aliyewahi kudhurika kwa dhana hiyo.