Maandishi ya Muziki na Msomaji Wake

Miaka michache iliyopita mwalimu mmoja wa kwaya mjini Mwanza aliniletea disketi iliyoachwa na mtangulizi wake, ambaye alikuwa amekwisha kufariki dunia. Ndani yake ulikuwamo muziki wa kusindikiza nyimbo, uliotungwa kwa kinanda cha umeme ambacho nacho kilikwisha kuharibika. Tulipoufungua katika kompyuta yangu, noti zilikuwa zile zile na mwendo ulikuwa ule ule, lakini palipopasa kulia filimbi palilia kengele, na ngoma zilikuwa zimegeuka kuwa piano. Mwalimu akauliza, "Je, hii ndiyo kazi ya marehemu?" Swali hilo ni la muziki, lakini jibu lake lawahusu sana wachunguzi wa lugha, kama nitakavyojaribu kueleza.

Faili ya namna hii huitwa MIDI, kwa jina la kanuni iliyotolewa mwaka 1983 na watengenezaji wa vinanda wa Marekani na Japani, wakiongozwa na Dave Smith na Ikutaro Kakehashi. Kinyume cha wadhaniavyo wengi, faili hiyo haina sauti hata chembe. Ina maagizo tu: bonyeza noti ya 60 kwa nguvu kiasi hiki, iachilie, tumia ala ya nambari fulani. Noti zahesabiwa tangu 0 hadi 127. Kwa hiyo MIDI ni hati, si usemi. Nayo yafanana na miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambamo herufi ba yaweza kusimama mahali pa b au pa p, hata neno moja likasomeka *bata* au *pata*. Msomaji aliyelelewa katika lugha hakosei. Mgeni aweza kuifuata kila herufi na bado akapotea.

Jambo hili lilidhihirika katika michezo ya kompyuta. Mwaka 1987 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa sinthesaiza iitwayo MT-32, na mwaka uliofuata kampuni ya Sierra ya Marekani ilitoa mchezo wa King's Quest IV, ambao muziki wake, uliotungwa na William Goldstein, uliweza kupigwa kwa chombo hicho. Kumbukumbu ya kuhifadhia sauti ilikuwa ghali siku zile, basi mafundi wakatumia hila: walirekodi mwanzo tu wa sauti ya ala, na mwendelezo wake wakauunda kwa umeme. Hila hiyo ilifaa kwa kuwa sikio hutambua ala nyingi kwa mwanzo wake, kama litambuavyo kipasuo kwa mlipuko wake. Zaidi ya hayo, mchezo uliweza kupeleka ndani ya chombo sauti mpya zilizobuniwa kwa ajili yake, kama mwandishi awekaye faharasa ya maneno yake mwanzoni mwa kitabu. Mwaka 1991 ilipotolewa orodha ya pamoja ya ala 128, iitwayo General MIDI, nambari zake hazikupatana na za MT-32. Michezo ya zamani ilipopigwa kwa vyombo vipya, ikasema mambo yasiyoeleweka.

Dawa yake ni uigaji, na neno hili lina maana mbili ambazo yafaa zitenganishwe. Kuna uigaji wa sauti: noti za chombo halisi hurekodiwa moja moja, kisha kompyuta huzirudia. Na kuna uigaji wa utendaji: programu hufanya, hatua kwa hatua, hesabu zile zile zilizofanywa na chombo chenyewe. Programu iitwayo Munt huiga MT-32 kwa njia ya pili, nayo haifanyi kazi bila nakala ya yaliyomo katika kumbukumbu ya kudumu ya chombo. Njia ya kwanza hurudisha sauti zilizokwisha kurekodiwa tu. Ya pili humfufua msomaji, naye huweza kusoma hata maneno mapya, pamoja na makosa yake. Makosa hayo si ya kudharauliwa, kwani baadhi ya michezo ya awali ilitegemea kasoro za matoleo ya kwanza ya MT-32. Mhakiki wa miswada atalielewa hili: hasahihishi tahajia kabla hajajua ilikuwa na kazi gani.

Lakini uko upotevu ambao uigaji hauwezi kuuponya, nao watuhusu sisi wa kandokando ya Ziwa Viktoria. Hati yaweza kukosa herufi tangu mwanzo. Noti za MIDI kwa kawaida hupishana kwa senti 100, yaani nusu toni ya piano. Amadinda ya Buganda, kaskazini ya ziwa, hugawa oktava katika hatua tano zinazokaribia kulingana, kila moja senti 240 hivi. Mwandikaji hana budi kuchagua 200 au 300. Ipo amri ya kupinda sauti, lakini hupinda noti zote za chaneli moja kwa pamoja. Hata kalimba, iliyo ya 109 katika orodha ya 1991, imo kwa jina, ila imelinganishwa kama piano. Jina hilo lilienezwa na Hugh Tracey, ambaye kampuni yake iliuza ala hiyo tangu miaka ya 1950. Ni Tracey huyo huyo aliyepita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi nyimbo, zikiwamo za Wasukuma, na aliyepima ala za Kiafrika kwa vyuma vya sauti 54, tangu mitetemo 212 hadi 424 kwa sekunde. Kwake noti peke yake hazikutosha.

Turudi kwenye disketi. Tulipata kitabu cha maelezo cha kinanda kile, tukabadili nambari kwa kufuata jedwali lake. Filimbi ikarudi, lakini ilikuwa filimbi ya kompyuta yangu. Kisha mwanakwaya mmoja akaleta kaseti ya zamani, yenye mikwaruzo mingi. Mwalimu alisikiliza kidogo tu akasema, "Huyu ndiye."

Basi wanaokusanya leo ngoma za Bujora, karibu na Mwanza, au nyimbo za enanga za Uhaya, wasitosheke na faili. Na watunze vitu vitatu pamoja: hati, maelezo kamili ya chombo kilichoisoma, na rekodi ya sauti yenyewe. Kikikosekana kimoja, viwili vilivyobaki vitasaidia kukitafuta. Vikikosekana viwili, tutabaki na maagizo yasiyo na wa kuyatii.